Uganga wa heri: namna ya kumfungia mtu fundo la kinga

Uganga wa heri, ambao wengi huuita uchawi mweupe, ni maneno na vitendo vinavyokusudiwa kuponya, kulinda au kubariki bila kumpokonya mtu hiari yake. Hapo kwenye hiari ndipo ninaposimamia. Ukifanya dawa ya kumvuta mtu akupende, hata kama moyo wako ni safi, umeshatoka kwenye heri, maana umemwamulia.

Kwa hiyo anza na ruhusa. Mwulize mhusika waziwazi, "Nikufanyie kinga?" Akikataa, acha. Kama ni mgonjwa asiyeweza kusema, mimi huwafanyia wanaomuuguza, wapate nguvu na subira.

Halafu tunga maneno, na hapa usiwe na haraka. Wengi huomba mambo mapana mno: awe na furaha, afanikiwe. Taja jambo moja linaloonekana: alale usiku kucha, arudi salama. Wa kale walilijua hili vizuri. Huko Merseburg, Ujerumani, kuna maandishi ya karne ya 10, yaliyogunduliwa mwaka 1841, ya kutibu mguu wa farasi ulioteguka. Kwanza yanasimulia farasi wa miungu aliyeteguka mguu na jinsi alivyogangwa, kisha yanaamuru: mfupa kwa mfupa, damu kwa damu, kiungo kwa kiungo. Basi! Nimeupenda mpangilio huo na ndio ninaoufuata: kisa kifupi cha aliyepona, kisha amri.

Sasa chukua uzi wa pamba wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Zima simu. Piga fundo lakini uliache wazi kama kitanzi, lilete karibu na midomo, yasemee maneno ndani yake, kisha likaze polepole huku ukitoa pumzi, ili neno la mwisho na fundo vimalizike pamoja. Fundo likiwahi kukaza kabla ya neno kuisha, lifungue urudie. Mafundo matatu yanatosha. Wapo wanaofunga tisa, ila naona akili huchoka kabla ya vidole.

Mkabidhi mwenyewe uzi na umwambie maneno yote uliyosema, ili usiku aushike na kuyarudia kwa sauti yake. Usimfiche kitu. Mwenye homa aende hospitali na uzi wake mfukoni, na dawa za daktari azimalize. Na mtu anayekutoza fedha nyingi kuondoa laana aliyoiona yeye peke yake, mkimbie, hata akivaa nyeupe kichwa hadi miguu.

Haja ikitimia, au mhusika akisema hauhitaji tena, mfungue mafundo pamoja, mkianza na lile la mwisho, mkishukuru kwa kila moja. Uzi wenyewe unaweza kutupwa; hauna kazi tena.