Cherehani kwa anayeanza: uzi kwanza, nguo baadaye

Mtu akikaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza hutamani gauni siku hiyo hiyo. Asubiri kidogo. Mashine nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu ni nzima kabisa. Kinachosumbua ni uzi uliopitishwa vibaya, au mikono inayovuta kitambaa, na yote mawili hurekebishika bila kuharibu hata kipande cha nguo.

Anza bila uzi. Toa wa juu, toa na bobini (kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini), kisha chukua karatasi yenye mistari. Ukiwa na cherehani ya kukanyaga, kwanza legeza kile kitufe cha duara kilicho katikati ya gurudumu la mkono ili gurudumu lizunguke na sindano itulie. Weka nyayo zote mbili kwenye kanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwingine, sukuma gurudumu kwa mkono kuja upande wako, halafu miguu iendeleze. Rudia kuanza na kusimama mpaka gurudumu lisirudi kinyume hata mara moja, kwa sababu likirudi kinyume wakati unashona, uzi hujisokota au hukatika. Wa mashine ya umeme ajifunze kukanyaga taratibu hadi aweze kupiga tundu moja moja.

Kisha kaza kitufe, weka karatasi chini ya mguu wa mashine, yaani kile chuma kinachobana kitambaa karibu na sindano, ushushe, na utoboe juu ya mistari. Macho yatazame ukingo wa karatasi au alama zilizo kwenye bamba la chuma chini ya sindano, yasifuate sindano. Mistari ikinyooka, chora mistari iliyopinda, halafu pembe: simama sindano ikiwa ndani ya karatasi, inua mguu, geuza, shusha, endelea. Ukimaliza, badilisha sindano, maana karatasi huifanya butu.

Sindano

Namba 80/12 inafaa pamba nyepesi, 90/14 pamba ya kawaida na nzito kidogo, 100/16 jinzi. Vitambaa vinavyovutika vinataka sindano yenye ncha ya mviringo. Ukiipapasa sindano utakuta upande mmoja una mfereji mrefu. Mfereji huo hutazama kule uzi unakoingilia, na ubapa wa shina hukaa upande wa pili. Isukume juu mpaka igote, ndipo ukaze skrubu. Ikikaa chini hata kidogo tu, mashine itaruka mishono. Baada ya saa 8 hivi za kushona, weka mpya.

Kutunga uzi

Hapa usiwe na haraka. Inua mguu kabla ya kugusa uzi. Mguu ukiwa juu, visahani viwili vinavyobana uzi huachana na uzi huzama katikati yake. Ukiwa chini, visahani vimefungana, uzi hupita juu juu bila kubanwa, na mishono yote inayofuata itaharibika.

Zungusha gurudumu kuja kwako mpaka ule mkono unaopanda na kushuka ufike juu kabisa. Toa uzi kwenye rili, upitishe kwenye kishikio cha juu, uushushe kati ya visahani na kuunasa kwenye kispringi chake, upande hadi tundu la mkono, ushuke tena kwenye vishikio vya chini, ndipo uingie kwenye tundu la sindano. Sasa jaribu: shusha mguu, vuta uzi. Unapaswa kuwa mzito. Inua mguu, vuta tena: utateleza. Usipoona tofauti, toa uzi wote uanze upya.

Bobini ijazwe uzi kwa usawa, isifurike, na uzi uwe wa aina ile ile ya juu. Ikiwa ya kuingia kwenye kasha la chuma, pitisha uzi kwenye mwanya wa kasha hadi chini ya bamba lake dogo. Ning'iniza kasha kwa uzi wake: lisishuke lenyewe, ila ukilitikisa lishuke kidogo. Likianguka moja kwa moja, kaza skrubu yake ndogo kiasi kidogo mno, kisha upime tena. Ukilirudisha mahali pake, sikiliza mlio wa kunasa. Bobini zinazolazwa chini ya kifuniko hufuata mchoro uliopo hapo hapo.

Shika ncha ya uzi wa juu, zungusha gurudumu mzunguko mmoja, na uzi wa chini utapanda kama kitanzi. Uvute, kisha laza ncha zote mbili nyuma ya mguu, sentimita 10 kila moja.

Kushona

Urefu wa mshono uwe milimita 2.5. Zamisha sindano kwenye kitambaa, shusha mguu, piga mishono 3 au 4 mbele, rudi nyuma kiasi hicho hicho, kisha endelea. Meno yaliyo chini ya mguu ndiyo yanayosogeza kitambaa. Kazi ya mikono ni kukielekeza tu. Ukivuta, sindano hupinda, hugonga bamba na kuvunjika. Pini zitoe kabla hazijafika kwenye mguu. Mwishoni rudi nyuma tena, pandisha mkono wa uzi juu kabisa, inua mguu, ndipo utoe kitambaa.

Kwa majaribio tumia uzi mwekundu juu na mweupe chini. Vidoa vyeupe vikitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno, punguza namba kwenye kitufe cha kukaza uzi huo. Wekundu ukionekana chini, umelegea. Ila chini kukiwa na fundo zima la nyuzi, usihangaike na bobini kama wengi wafanyavyo: karibu kila mara uzi wa juu haujaingia kwenye visahani. Uzi ukikatika katika, angalia kama umenasa kwenye rili, kama sindano ina mkwaruzo, au kama uzi wenyewe umechakaa.

Kazi ya kwanza: foronya ya mto wa sentimita 45 kwa 45

Kata kipande kimoja cha mbele, 48 kwa 48, na viwili vya nyuma, 48 kwa 32. Kwenye kila kipande cha nyuma, kunja ukingo mmoja mrefu sentimita 1, piga pasi, kunja tena sentimita 2, piga pasi, shona. Laza cha mbele uso (upande mzuri wa kitambaa) ukiwa juu, weka vya nyuma juu yake uso ukiwa chini, vikipandana sentimita 10 katikati. Bana kwa pini, shona kuzunguka pande zote nne ukiacha sentimita 1.5 kutoka ukingoni, na pale vinapopandana pita mara mbili. Piga zigizaga kingo zisichomoke nyuzi, punguza pembe bila kugusa mshono, geuza. Pembe zisukume kwa kijiti butu. Ncha ya mkasi hutoboa kitambaa.