Namna ya Kuendesha Duka la Leso Lililorithiwa

Anayekabidhiwa duka la leso lililohudumia vizazi viwili au vitatu hupokea bidhaa zilizomo rafuni pamoja na imani ya wateja, na hiyo imani ndiyo ngumu kuirudisha ikishapotea. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, limejulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla" yanayochapwa kwenye leso zake, na mnunuzi anayeyaona huwa ameshajua anachokinunua.

Kwa hiyo kagua kila mzigo unapoingia, hata kama muuzaji wa jumla ni yule yule aliyekuwa akimuuzia babu. Toa doti moja, yaani leso mbili zisizokatwa bado, katika kila korja (fungu la ishirini), uitandaze yote mezani, uhakikishe kuwa mji, yaani uwanja wa ndani ya pindo, umekaa katikati, pindo halikunenepa upande mmoja na kukonda upande wa pili, maneno hayakwenda mshazari, na kati ya vipande viwili imebaki nafasi ya kukata na kupinda bila kula pambo. Kisha sugua pembe kwa vidole: unga mweupe ukidondoka, ule uzito ni wa wanga, na leso itakuwa chandarua ikishafuliwa. Mwisho, lowesha pembe hiyo uikandamize kwenye kitambaa cheupe. Jaribio hili lisikosekane kwa kisutu, leso ya harusi, kwa kuwa nyekundu na nyeusi yake zikichuja juu ya nyeupe, utakayekabiliana naye ni mama wa bibi harusi.

Ikiwa duka huagiza michoro yake lenyewe, uchaguzi wa maneno ndio penye faida na hasara kubwa. Mafumbo na maneno ya kumshukuru mama huuzika mwaka mzima, ilhali leso ya uchaguzi au ya sherehe yenye tarehe hubaki rafuni siku ikishapita. Wasomee maneno wanawake wawili watatu wanaonunua kwako mara kwa mara, kwani wao hung'amua haraka fumbo lililopitwa na wakati, au tusi ambalo wewe hukuliona. Sampuli ya kiwandani isomwe herufi kwa herufi, maana mchapaji wa ng'ambo asiyejua Kiswahili hawezi kukusahihishia. Weka doti moja ya kila mchoro, uibandike karatasi yenye tarehe ya kuingia, idadi, na siku ya kwisha. Rekodi hiyo itakufaa kuliko kumbukumbu ya mjomba yeyote.

Fedha za duka zisichanganywe na za nyumbani. Ndugu anayekaa kaunta alipwe mshahara, na shangazi anayechukua doti za harusi aandikwe daftarini kama mteja mwingine, ingawa najua atanuna. Wachuuzi wa mali kauli, wanaochukua mzigo na kulipa baadaye, wapewe mzigo mpya baada ya kulipia wa awali.

Mirathi nayo izungumzwe mzee angali hai. Njia mojawapo ni kuliandikisha duka kuwa kampuni, ili fungu la kila mrithi liwe la hisa, na asiyetaka biashara awauzie nduguze hisa zake badala ya kudai korja zigawanywe sakafuni.