Hita haitoi joto? Shika mipira miwili kwanza

Gari la zamani likipuliza hewa baridi huku kioo cha mbele kimejaa ukungu, usikimbilie kufungua dashibodi. Injini ikiwa imepoa, angalia maji ya rejeta; yakipungua, hita ndiyo huanza kukosa joto. Kisha washa gari, weka hita hadi mwisho, injini ikipata moto shika kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayoingia ndani ya gari kwenye ukuta wa nyuma ya injini.

Yote miwili ni ya moto? Maji yanazunguka. Tafuta kebo ya kuchagua joto na baridi. Mara nyingi imechomoka tu.

Mmoja moto, mwingine baridi: valvu ya hita haifunguki, au rejeta yake ndogo imeziba kwa kutu. Hayo ndiyo matokeo ya kujaza maji ya bomba miaka yote bila kulanti (kipozaji cha injini kinachozuia kutu). Injini ikipoa, chomoa mipira, sukuma maji kuanzia upande wa kutokea mpaka yatoke safi. Presha iwe ndogo, maana rejeta hiyo hupasuka kirahisi. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini, utoe hewa.

Yote vuguvugu, na geji ya joto haipandi: themostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) imekwama wazi.

Feni inazunguka spidi ya mwisho tu? Rezista yake, kifaa kinachopunguza spidi, imeungua. Kioo kikishika utando wa mafuta wenye harufu tamu, rejeta ya hita inavuja, badilisha.