Somo: Sossusvlei kwa siku moja, vilima vya mchanga vya jangwa la Namib

Wakuu, wengi wanaoenda Sossusvlei kule Namibia wanaharibu siku yao kwa kitu kimoja tu, kuchelewa kuamka. Ikifika saa nne asubuhi mchanga ushaanza kuchoma, na kile kivuli kinachokigawa kilima nusu chekundu nusu cheusi kinakaribia kuisha.

1. Lala Sesriem, pale kwenye geti la hifadhi. Usithubutu kutoka Windhoek siku hiyohiyo, ni zaidi ya kilomita 300 na sehemu kubwa ni barabara ya vumbi. Waliolala kambi ya ndani wanafunguliwa saa nzima kabla jua halijachomoza, wa nje mnasubiri jua litoke. Hiyo saa moja ndo safari yenyewe.

2. Kutoka getini ni lami kilomita 60. Kwenye kilomita ya 45 kuna kilima cha Dune 45, watu wanajaa hapo, mi nakushauri ipite wahi mbele.

3. Kilomita 5 za mwisho ni mchanga laini. Gari ya kawaida iache parking upande gari za kukodi za pale, na kama una 4x4 punguza upepo kwenye matairi kabla hujaingia.

4. Panda kilima cha Big Daddy, kama mita 325. Tembea juu kabisa ya mgongo wa kilima, kwenye nyayo za waliotangulia, maana ukikatiza ubavuni kila hatua unayopanda mchanga unakurudisha nusu. Kushuka ni raha, kisigino mbele, viatu vinajaa mchanga mpaka vidole vinakosa nafasi, na unatua Deadvlei. Sakafu nyeupe ya udongo uliopasuka na migunga myeusi iliyokufa karne nyingi zilizopita baada ya mchanga kuufungia njia mto Tsauchab, na haijaoza kwa ule ukavu. Tafadhali msiiguse wala kuiegemea.

5. Maji lita tatu kila mtu. Huko juu hakuna kivuli.

MASWALI

Mkuu nina watoto wa miaka sita na nane, wataweza?
– Big Daddy waachie, wapeleke Deadvlei kwa njia ya chini, ni kama kilomita moja tu kutoka parking ya 4x4, ile ya mwisho baada ya mchanga.

Vipi nikienda jioni?
– Inawezekana, ila kama umelala nje geti linafungwa jua likizama na bado una kilomita 60 za kurudi, kwa hiyo machweo yenyewe utayaona ukiwa kwenye gari.

Mchana tufanye nini dada?
– Nendeni korongo la Sesriem, kama kilomita 4 tu kutoka getini. Jina ni la Kiafrikaans, kamba sita, ndizo walizokuwa wanaunganisha zamani kuchota maji kule chini.