Namna ya Kuchangia Utafiti wa Ulemavu wa Ukuaji na Huduma za Familia

Kazi yangu ni kupokea michango na kuifikisha kwa familia zinazolea watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down na ulemavu mwingine unaogusa ukuaji. Wenye moyo wa kutoa ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Lakini mchango unaotolewa papo hapo, baada ya kuona picha ya mtoto anayelia, mara nyingi humwendea anayejua kupiga picha. Kaa chini kwanza, kabla hujatuma chochote, ufuate hatua hizi.

Hatua ya 1: Gawa fedha yako mafungu mawili

Utafiti na huduma haviendi kwa mwendo mmoja. Chukua fenilketonuria, hali ya kurithi inayoufanya mwili ushindwe kuvunjavunja sehemu moja ya protini, hadi ubongo wa mtoto unaharibika. Iligunduliwa Norway mwaka 1934 na daktari Asbjørn Følling, kwa sababu mama mmoja, Borgny Egeland, hakuchoka kutafuta jibu kuhusu wanawe wawili. Chakula maalumu cha kuzuia madhara kilipatikana miaka ya 1950. Kipimo cha tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya Robert Guthrie, ambaye naye alikuwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Leo mtoto anayegunduliwa mapema na kufuata chakula hicho huweza kukua na kusoma kama wenzake. Wana wa Egeland walikuwa wameshapata madhara yasiyorudi nyuma.

Utafiti ule umewaokoa watoto wengi mno, ila familia iliyouliza swali ilibaki na malezi yake siku baada ya siku. Ndiyo maana sipendi kuona fedha yote ikienda upande mmoja. Mchangiaji wa kawaida mimi namshauri atenge theluthi moja kwa utafiti na theluthi mbili kwa huduma: watafiti wanaweza kuomba ruzuku za serikali na za wakfu mkubwa, ilhali mama anayehitaji mtu wa kumpokea mtoto kwa saa tatu ili alale hana pa kuomba.

Hatua ya 2: Chagua utafiti wa kuunga mkono

Uliza mambo matatu. Je, utafiti umeandikishwa kwenye daftari la wazi kabla ya kuanza? Je, umepitishwa na kamati ya maadili? Je, matokeo yatachapishwa hata kama dawa haikufanya kazi? Wasipoweza kujibu, weka fedha yako mfukoni.

Anayeahidi kuponya usonji mkimbie. Zipo familia zilizouziwa dioksidi ya klorini, kemikali ya kung'arishia vitu, ili wawanyweshe watoto. Na uongo hula fedha ya utafiti wa kweli pia: makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, lakini kwa miaka yote hiyo wanasayansi walilazimika kurudia uchunguzi kuhakiki dai lisilo na msingi.

Usidhani pia kwamba utafiti wenye thamani ni ule wa vinasaba tu. Mwaka 1991 jaribio lililofanywa katika nchi kadhaa lilionyesha kwamba wanawake waliowahi kupata mimba ya mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro kama hiyo, wakitumia asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine, hatari ya tatizo kujirudia hupungua kwa asilimia 72. Ni kidonge cha bei ndogo sana. Utafiti wa namna hiyo, na ule unaopima ni huduma ipi inayomsaidia mzazi kweli, hupata wafadhili wachache. Mimi hapo ndipo ningeanzia.

Hatua ya 3: Chagua huduma, na uwasikilize wazazi

Hapa ndipo wachangiaji wengi hupotelea, kwa kupenda vitu vinavyoonekana. Kiti cha magurudumu ni mfano mzuri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hahitaji kiti chochote tu. Anahitaji kupimwa, kiti kirekebishwe kiendane na mwili wake, yeye na mlezi wafundishwe kukitumia, kisha kifanyiwe matengenezo na kubadilishwa anapokua. Kiti kisichomtosha huweza kumtoa vidonda na kuzidi kuupinda mgongo wake. Ukitaka kutoa kiti, lipia na mtaalamu wa kukipima, au toa fedha ukaacha wenye ujuzi waamue.

Mahitaji ninayoyasikia zaidi kwa wazazi hayana picha nzuri: nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya viungo, mshahara wa mtaalamu wa tiba ya usemi, dawa za kifafa zisizokatika, mlezi wa kupokezana, mtu wa kumsindikiza mzazi shuleni anapoambiwa mtoto hafundishiki. Mafunzo ya walezi nayo yana faida kubwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9, wenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wawezeshaji wake hawalazimiki kuwa wataalamu wa tiba. Mzazi hujifunza kucheza na mtoto kwa namna inayomvuta kuwasiliana, na pia kujitunza mwenyewe. Uliza kama shirika unalolitazama linatoa mafunzo ya aina hiyo.

Uliza vilevile kuhusu watu wazima. Watoto hawa hukua, wazazi wao huzeeka, na mashirika mengi husahau hilo.

Hatua ya 4: Kagua shirika

Cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, majina ya bodi. Kwenye bodi hiyo tafuta wazazi na watu wenye ulemavu wenyewe. Wasipokuwemo, uliza sababu. Gharama za ofisi zisikutishe kwa kuwepo tu, kwani bila mhasibu na msimamizi hakuna huduma inayodumu.

Hatua ya 5: Tuma

Tuma kwenye akaunti yenye jina la shirika, kamwe si ya mtu binafsi, na udai stakabadhi. Kiasi kidogo kila mwezi kina nguvu kuliko kikubwa cha mara moja, kwa sababu mtaalamu haajiriwi kwa fedha isiyojulikana kama itarudi. Ukiliamini shirika, usiifunge fedha kwenye kitu kimoja.

Hatua ya 6: Fuatilia kwa staha

Omba taarifa ya mwaka: familia ngapi zilihudumiwa, ngapi ziliacha na kwa nini. Usiombe picha wala video ya mtoto aliyesaidiwa. Hakuchagua kuwa tangazo, na mzazi anayetegemea huduma hiyo hana uhuru wa kukukatalia. Ikifika siku huwezi kuendelea kuchangia, lijulishe shirika miezi mitatu kabla, ili familia zisifike siku ya tiba na kukuta mlango umefungwa.