Kamera mbili, bibi harusi mmoja: jinsi ya kutengeneza profaili yako ya rangi kwa picha za RAW

Mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya ambayo hata mc anashika maiki na glavu, tulipiga send-off moja upande wa Mwanjelwa. Tulikuwa wawili, mimi na dogo ninayefanya naye kazi, kamera yangu ya kampuni moja na yake ya kampuni nyingine. Kabla ya watu kuingia ukumbini tuliwapiga nje, mashangazi wote wamevaa sare ya zambarau, jua zuri kabisa. Nyumbani naweka picha kwenye laptopu, zangu zile sare ni zambarau, za dogo ni bluu. Siyo bluu kidogo, ni bluu ya sare ya shule. Na bibi harusi kwangu ngozi imeenda kwenye machungwa, kwa dogo imeenda kwenye pinki. Nikahangaika na slaida za kurekebisha rangi usiku kucha, nikirekebisha sare ngozi inaharibika, nikirekebisha ngozi majani nyuma yanakuwa kama ya plastiki, mwisho nikachoka nikachapa hivyohivyo. Shangazi mmoja alivyokuja kuchukua albamu akaifungua taratibu, akaangalia kurasa mbili, akaniuliza, "Mwanangu, kwani mabibi harusi walikuwa wawili?"

Basi hapo ndo nilipokaa chini kujifunza hii kitu, na nawaandikia wadau wote mnaopiga harusi kwa kamera mbili au tatu zisizofanana, maana hili tatizo haliishi kwa kununua preset, ile mipangilio iliyoandaliwa tayari.

Kwanza tuelewane RAW ni nini. Faili ya RAW bado siyo picha, ni namba tu. Juu ya sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kuna vichujio vidogovidogo vya rangi, kila pikseli ina kichujio kimoja, nusu ya pikseli zote zina kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpangilio huu aliubuni Bryce Bayer wa Kodak na hataza yake ilitoka mwaka 1976, na kamera nyingi tunazoshika leo bado zinautumia. Sasa kila kampuni inachagua vichujio vyake, kwa hiyo zambarau ileile ikiingia kwenye kamera mbili inatoa namba mbili tofauti. Anayetafsiri hizo namba kuwa rangi ndo anaitwa profaili. Ukifungua picha kwenye Lightroom, programu ya Adobe ya kurekebisha picha, ukaona pale juu imeandikwa Adobe Color, hiyo ndo profaili, imeshatafsiri kabla hujagusa chochote. Ndo maana inatofautiana na preset: preset inakusogezea slaida, profaili inakaa chini ya slaida zote, ukiibadilisha slaida zinabaki sifuri ila picha imebadilika. Ukirekebisha msingi huku chini, kule juu kazi inakuwa nyepesi.

Profaili zinazokuja na programu siyo mbaya, tusiwaonee. Ila kila kamera na yake, na hata zikijaribu kufanana hazikupimwa kwa kamera yako na ya dogo zenyewe.

Kifaa unachohitaji ni chati ya rangi, ile ya viboksi 24 inaitwa ColorChecker. Ilianza kutumika miaka ya 1970 ikiitwa Macbeth, siku hizi inauzwa kwa jina la Calibrite. Viboksi viwili vya kwanza ni rangi za ngozi, nyeusi na nyeupe, kisha bluu ya anga, kijani cha majani na kuendelea, na mstari wa chini wote ni kuanzia nyeupe mpaka nyeusi. Kuna ndogo ya kukunja inayoingia mfukoni, chukua hiyo. Bei yake siyo ya mchezo kwa hiyo changeni watu watatu wanne, kutengeneza profaili ni kazi ya siku moja, siyo lazima kila mtu awe na yake. Na tafadhali sana usidownload picha ya chati ukaenda kuprinti steshenari. Wino wa printa unaakisi mwanga tofauti na rangi za chati halisi, hata kama kwa macho vinafanana kamera haidanganyiki, utatengeneza profaili ya printa ya steshenari. Chati ikae kwenye kava lake, usishike viboksi kwa vidole, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, rangi zinafifia.

Sasa kupiga. Hapa ndo watu wengi wanaharibu halafu wanalaumu programu, kwa hiyo twende taratibu.

Chagua siku yenye jua, kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane tisa mchana. Ukungu ukishuka kutoka Loleza acha, rudi kesho. Tafuta sehemu ya wazi ambayo haina ukuta wa rangi karibu. Na angalia chini! Huku kwetu udongo ni mwekundu, na udongo mwekundu ukipigwa jua unarusha mwanga mwekundu juu kwenye chati. Mara ya kwanza nilipigia kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya nyumba, profaili ikatoka inasukuma kila kitu kwenye kijani, nikawa sielewi kwa nini, kumbe inajaribu kufidia wekundu wa ardhi. Majani mabichi nayo yanafanya hivyohivyo kwa upande wa kijani. Sehemu nzuri ni lami au zege, hata paa la zege la nyumba ambayo haijaisha ni sawa kabisa. Anayeshika chati avae nguo nyeusi au ya kijivu, siyo jezi nyekundu wala ya njano na kijani, na hapa sizungumzii ushabiki.

Jua liwe upande, chati iinamishwe kidogo ili isimeremete, ukiona kiboksi cheusi kina weupeweupe ujue kuna mng'ao, geuza. Kivuli chako kisiifikie. Weka ISO 100, f/8, RAW, na chati usiijaze kwenye fremu nzima, iwe katikati tu, kwa sababu pembeni lensi nyingi zinafifisha mwanga na programu itadhani viboksi vya pembeni ni vyeusi kuliko vilivyo. Eksposha, yaani kiasi cha mwanga kinachoingia, ndo roho ya kazi yote: kiboksi cheupe kiwe cheupe ila kisiungue. Ukiweka mshale juu yake kwenye Lightroom usome asilimia kama 85 hadi 92 kwenye rangi zote tatu. Ikisoma 100 hata kwenye rangi moja, hiyo picha tupa. Mimi napiga tano kwa kupishanisha theluthi moja ya stopu halafu nachagua. Kamera ya pili ipigwe palepale, dakika zilezile, chati ileile, usije ukapiga moja asubuhi nyingine jioni ukategemea zifanane.

Ukitaka iwe kamili piga na seti ya pili usiku chini ya balbu ya kizamani ile ya njano ya waya, ya tangsteni. Profaili za DCP, aina ya faili za profaili tunazotengeneza hapa, zinaweza kubeba mianga miwili, mmoja wa balbu kama 2850 K na mwingine wa mchana 6500 K, na programu inachanganya yenyewe kulingana na waiti balansi yako, ule mpangilio wa kufanya cheupe kionekane cheupe. Balbu hizo siku hizi kuzipata ni kazi, mimi yangu nilitoa kwenye banda la vifaranga. Ukikosa usijali, anza na ya mchana.

Kwenye kompyuta kwanza geuza RAW iwe DNG, aina ya RAW ya Adobe, kwa Adobe DNG Converter, ni ya bure. Kisha una njia mbili. Ya mkato ni programu inayokuja na chati yenyewe: unaingiza DNG, inatafuta viboksi yenyewe, unaipa jina, inakutolea profaili, umemaliza. Njia ya pili ndo mimi naipenda, DNG Profile Editor ya Adobe, bure, ya zamani hata sura yake utaona ni ya zamani, ila inakuachia mkono wako uingie.

Fungua DNG ya chati, nenda kwenye kichupo cha Chart, utaona viduara vinne vya rangi, vivute uviweke katikati ya viboksi vinne vya kona. Angalia chati isiwe kichwa chini. Pale kwenye chaguo la jedwali la rangi, kama una picha ya mchana tu acha zote mbili, kama una mchana na balbu utafanya 6500 K peke yake kwa picha ya mchana halafu 2850 K peke yake kwa picha ya balbu. Bonyeza Create Color Table. Itakurudisha kwenye gurudumu la rangi lenye vidoti, kila kidoti ni kiboksi kimoja cha rangi na kinaonyesha kimesogezwa kwenda wapi. Ukiona kidoti kimoja kimeruka mbali kuliko wenzake wote, usifurahi, hapo kuna mng'ao au kuna rangi imeakisiwa, rudi kapige upya.

Kabla ya kuhifadhi, fungua na picha ya mtu, ngozi ya kwetu siyo chati. Chati ina kiboksi kimoja tu cha ngozi nyeusi na sisi tuna weusi wa kila namna. Bofya shavuni, sehemu yenye mwanga wa kawaida siyo yenye jasho, itaongeza kidoti kipya, halafu sogeza Hue, slaida ya kubadilisha aina ya rangi, kidogo sana, mbili tatu mpaka tano, zaidi ya hapo unatengeneza kikatuni. Mimi kwenye kamera yangu natoa machungwa kidogo narudisha wekundu. Na usitumie hii kumfanya mtu awe mweupe. Najua wateja wanaomba, najua wanalipa, lakini ukiweka kwenye profaili utaweka kwa kila atakayesimama mbele ya kamera mpaka babu yake.

Kwa wanaolinganisha kamera mbili kuna jambo moja la kuangalia: kamera zote mbili zianzie kwenye profaili ya msingi yenye jina moja, tuseme Adobe Standard, na mkunjo wa toni (tone curve, unaopanga mwanga na giza la picha) uwe uleule. Jedwali la rangi linashughulika na rangi, kontrasti inatoka kwenye mkunjo wa toni. Rangi zikifanana halafu kontrasti ikapishana bado shangazi ataona.

Export, ipe jina la maana, siyo "mpya2". Mimi naandika kamera, mwanga na mwaka. Profaili ina jina la modeli ya kamera ndani yake, kwa hiyo ya kamera yako haitaonekana kabisa kwenye picha za dogo, usidhani imepotea. Kwenye Lightroom Classic fungua kivinjari cha profaili, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua Import Profiles. Au kwa Windows andika %appdata% kwenye mstari wa anwani wa folda, ingia Adobe, CameraRaw, CameraProfiles, weka humo halafu zima na uwashe programu. Iwekee nyota isikusumbue kutafuta. Ambao hamna Lightroom, RawTherapee ni ya bure na inasoma hizi DCP, ipo kwenye sehemu ya usimamizi wa rangi, chagua Custom uielekeze kwenye faili. Darktable haisomi DCP ila ina moduli yake ya color calibration inayosoma chati moja kwa moja.

Sasa msije mkanitukana: profaili haiponyi taa za ukumbini. Zile LED za bluu na pinki zinazozunguka wakati wa keki, pale mwanga wenyewe hauna rangi nyingine ndani yake, ngozi ikipigwa bluu tupu hakuna jedwali litakalorudisha kitu ambacho hakijaingia kwenye sensa. Hapo ni flashi tu, au muombe mtu wa taa apunguze, mpelekee soda mapema. Na waiti balansi bado ni kazi yako kila mara, kwa hiyo mimi kila tukibadilisha sehemu napiga fremu moja ya chati, kisha nyumbani nabofya kile kijivu cha pili kutoka kwenye cheupe, nakopi kwa picha zote za pale.

Kizuri cha RAW ni kwamba haizeeki. Kama uliitunza, profaili unayotengeneza leo inaingia kwenye picha za mwaka juzi. Nilifungua ile send-off, nikaweka yangu kwa zangu na ya dogo kwa zake, slaida zote sifuri, sare zikarudi zambarau pande zote na bibi harusi akawa mmoja. Shida albamu ilishachapwa. Iko sebuleni kwa shangazi, na kila mgeni akija anaonyeshwa wale mabibi harusi wawili.