Kutangaza kripto mtandaoni bila kuunguza bajeti: ninavyofanya mimi

Wakuu salama. Wiki hii jamaa wawili wamenifuata inboksi na kilio kilekile, mmoja akaunti yake ya matangazo Facebook imefungwa mara ya tatu, mwingine kamaliza dola 200 kapata klik kibao ila hakuna hata mtu mmoja aliyeweka hela. Nimeona niandike tu hapa mara moja, maana kazi hii naifanya mwaka wa nne sasa, wateja wangu wengi wako Nairobi, na ada nilizolipa kujifunza zingetosha kununua bodaboda.

Kwanza kabisa elewa kwa nini tangazo lako linakataliwa hata kama huna baya. Januari 2018 Facebook walipiga marufuku matangazo yote ya kripto, Machi Twitter wakafuata, Juni Google nao, sababu kulikuwa na utitiri wa watu wanauza sarafu zao mpya halafu wanatokomea na hela. Baadaye wakalegeza kidogo kidogo, Google 2021 wakawaruhusu eksichenji (soko la kununua na kuuza sarafu) na pochi (app ya kutunzia sarafu) zenye usajili kutangaza Marekani, Meta (ndio wenye Facebook) mwaka huohuo Desemba wakaongeza idadi ya leseni wanazozikubali kutoka 3 mpaka 27. Kwa hiyo mlango upo ila una bawabu. Kama unauzisha kripto, yaani mtu ananunua, anauza au anabadilisha kwako, Meta wanataka ruhusa ya maandishi kabla hujarusha kitu, na ruhusa hiyo unaombea kwa leseni. Google nao wana cheti chao na kinaenda nchi kwa nchi, sio ukipata kimoja basi umemaliza dunia.

Wengi hawajui hili: Meta hawadai ruhusa hiyo kwa elimu ya kripto, habari, semina, wala pochi ya kutunzia tu isiyo na kununua na kuuza. Ndio maana mteja mdogo asiye na leseni mimi simwanzishii na "nunua USDT hapa" (USDT ni sarafu inayofuata thamani ya dola), namwanzishia na somo. Video ya dakika moja inayoonyesha namna ya kukagua anwani ya pochi kabla hujatuma sarafu, au jinsi matapeli wa P2P, yaani kuuziana mtu na mtu, wanavyotuma meseji feki ya M-Pesa ili uachie sarafu zako. Hiyo inapita, na watu wanaisambaza wenyewe bure. Ila usiwe mjanja ukatangaza somo halafu linki inampeleka mtu kwenye fomu ya kuweka hela, mashine zao zinaisoma kurasa yako yote na hapo ndipo akaunti zinapofia. Wale wa signali, wanaouza dokezo la lini ununue au uuze, ndio kabisa, Google hawataki signali wala ushauri wa kuwekeza kwenye kripto, usipoteze muda.

Halafu sheria ya nchi unayoilenga, maana hii haihusu Facebook tu. Kenya wana sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani kripto na wenzake, Rais Ruto aliisaini Oktoba 2025, usimamizi wamegawana CBK (benki kuu yao) na CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji), hivyo mteja wa Nairobi swali langu la kwanza kwake ni leseni imefikia wapi, akianza kujiumauma sichukui kazi. Huku kwetu Bongo benki kuu, BoT, walitoa tamko Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini, Juni 2021 Mama Samia akawaambia benki kuu wajiandae, 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi inakatwa, ila hiyo isikudanganye ukadhani umeshapewa kibali cha kutangaza eksichenji, kwa Tanzania mimi nabaki kwenye elimu basi. Na ukimlenga ndugu yetu aliyeko London ujue Uingereza tangu Oktoba 8, 2023 bonasi ya "mlete rafiki" ni marufuku na onyo la kupoteza hela lazima lionekane wazi, sio maandishi ya sisimizi chini.

Sasa tuje kwenye hela. Kosa la yule jamaa wa dola 200 ni kwamba alikuwa anahesabu klik. Klik haili ugali. Chukua mfano: tangazo la kwanza klik ni senti 10, dola 200 zinakupa klik 2,000, wanajisajili 60, wanaoweka hela 8, maana yake kila mteja umemnunua dola 25. Tangazo la pili klik ni senti 40, unapata 500 tu na roho inakuuma, wanajisajili 45, wanaoweka hela 20, kila mmoja dola 10. La pili ndilo zuri ingawa kwenye dashibodi linaonekana bovu. Kwa hiyo kabla hujaweka hata senti hakikisha unaweza kumfuata mtu kutoka klik mpaka amana ya kwanza, kila tangazo na linki yake yenye alama yake, na uwe na spredishiti unayoijaza kila siku jioni. Hata daftari poa.

Kuna mitandao ya matangazo ya kripto yenyewe, kama Coinzilla, Bitmedia, A-ADS, huko masharti ni nafuu na unalipa kwa sarafu. Zinafaa, ila anza kidogo. Kuna mtandao mmoja siutaji, nilitumbukiza bajeti ya wiki nzima usiku mmoja, asubuhi naamka klik elfu tatu na ushee, nikashangilia hadi majirani wakasikia, kuja kuangalia wote wamekaa kwenye kurasa sekunde moja, karibu wote simu za aina moja. Roboti! Tangu siku hiyo naweka dola 10 za majaribio, naangalia tovuti gani zinaleta watu wanaokaa hata nusu dakika, zingine nazifungia.

Telegram usiidharau, watu wa kripto ndiko wanakolala na kuamka. Tangazo lao ni herufi 160 tu na linatokea kwenye chaneli za wazi zenye watu kuanzia 1,000, kwa hiyo unachagua chaneli badala ya kubahatisha mtu. Herufi 160 ni chache, inabidi useme jambo moja. "Tuma USDT, pokea kwenye M-Pesa. Angalia ada kabla hujatuma" inashinda "Jukwaa bora na la kisasa la mali za kidijitali Afrika Mashariki", hilo la pili hata mimi niliyelipwa kuliandika sikulibofya.

Lugha nayo. Watu wetu wameshaumizwa na upatu mpaka basi, wakiona "ongeza mtaji mara tatu" au picha ya Lamborghini wanajua wanaibiwa, na wasiojua ndio hao watakaokuja kukulilia. Andika ada, andika muda, andika kwamba bei inaweza kushuka. Ukitumia mainfluensa mwambie aandike wazi kwamba kalipwa, Kim Kardashian alilipwa dola 250,000 kwa posti moja ya sarafu ya EthereumMax bila kutaja malipo hayo, Oktoba 2022 akakubali kulipa SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani, dola milioni 1.26. Sasa wewe na yule dogo wa komedi mna ubavu huo?

Mwisho kabisa ni kurasa anayotua mtu. Coinbase, eksichenji ya Marekani, Februari 2022 walirusha kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wao wa Kimarekani, tangazo la QR inayoelea tu kwenye sikrini kwa dakika moja, watu wakamiminika mpaka tovuti ikazidiwa. Wewe huna watu hao, ila una mtu mwenye simu ya elfu themanini na bando linaisha saa sita usiku, kurasa yako ikiwa na video inayojicheza yenyewe ameshaondoka. Toa mapambo yote, weka ada, leseni, namba ya huduma kwa wateja inayopokelewa, na kitufe kimoja. Halafu ifungue kwa simu yako mbovu kuliko zote, kwa data na sio waifai, ukihesabu sekunde. Zikizidi nne usilipie tangazo leo, rudi kwa fundi wako kwanza.

Yule wa akaunti iliyofungwa, nitumie sikrinishoti ya barua waliyokuandikia, kuna sehemu wanataja kipengele ulichovunja, tuanzie hapo.